Kidole Kwenye Picha ya Harusi

Mtengeneza fremu mmoja, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Supaglu, hakuwa na imani hata chembe na plasta. Ndala ikikatika, supaglu. Kikombe kikikatika mkono, supaglu. Na kioo kikimchana kidole, jambo lililomtokea karibu kila wiki, alilipuliza jeraha, akalidondoshea tone moja, akaendelea na kazi huku akipiga mluzi.

Mke wa mwanawe, aliyekuwa muuguzi, alishachoka kusema. "Mama, ipo siku utaumbuka."

"Mwanangu, nilianza kuziba vidole kabla hujazaliwa."

Alhamisi moja alikuwa nyumbani anamalizia picha ya harusi ya mwalimu mmoja wa kike, jirani yao. Kioo kikamkata kidole cha shahada. Akatia tone lake, ila mwenye picha alikuwa njiani, basi hakungoja likauke. Akaishika picha aifute vumbi. Kidole kikanasa papo hapo, katikati ya uso wa bwana harusi.

Akavuta. Wapi! Akavuta tena, machozi yakamlengalenga. Mara mwalimu huyo, hodi hodi.

"Picha yangu tayari, mama?"

"Iko mkononi kabisa," akajibu, ameificha mgongoni.

"Basi nione."

"Kaa kwanza, unywe maji."

Mwalimu hakukaa. Akamzunguka, naye akazunguka. Waliizunguka meza mpaka muuguzi akatoka jikoni, akauona mgongo wa mkwewe na kilichoning'inia huko, akaangua kicheko. Mwalimu akachungulia.

"Mama! Mume wangu umemziba pumzi!"

Muuguzi akaleta beseni la maji vuguvugu na sabuni, akakilowesha kidole, akakisugua polepole bila kukivuta. Baada ya robo saa kikabanduka, pamoja na pua ya bwana harusi. Kisha akaliosha jeraha, akalibana kwa kitambaa safi hadi damu ikakata, akafunga plasta.

"Gundi ya dukani ni ya mbao na viatu, mama. Inaunguza nyama na kufungia uchafu ndani. Ya hospitali ni nyingine kabisa."

Jioni Mama Supaglu alikwenda studio mwenyewe kuomba picha nyingine.

Kesho yake mwalimu akaja, akamtazama mumewe mzimamzima ndani ya fremu mpya.

"Ungeniachia ile ya jana tu," akasema. "Leo ameniudhi."