Mitamba Wanne Zizini kwa Agustino

Marieta Sulle hakuwahi kumwamini mtu aliyemletea habari njema. Ukimwambia mvua imenyesha Hirbadaw, atatoka nje kwanza aangalie upande ule. Sisi tuliokaa naye kwenye kamati ya ulinzi wa watoto mwaka 2018 alituchosha kweli kweli. Mimi nilikuwa mwalimu na katibu wa kamati. Kila nilipomaliza kusoma muhtasari, alinyoosha shingo aone kama ndicho nilichoandika.

Alikuwa mjane, mkulima wa mahindi na mbaazi, na mhudumu wa afya wa kijiji chetu upande wa Dirma. Watoto wote wa pale aliwapima yeye kwa ule mzani wa kuning'iniza. Alikuwa na daftari la jalada la kijani lenye majina ya watu aliowashuku, na juu kabisa aliandika Yakubu, mfanyabiashara wa mjini Katesh aliyenunua mbaazi kwetu kwa lori. Kosa lake? Aliwapa watoto pipi, tena mkewe Shamsia alikuwa na duka ambako wasichana wa kazi hawakudumu. Nilimwambia kwamba pipi si ushahidi. Akanijibu kuwa dalili ya mvua ni mawingu.

Lakini haki yake nimpe. Kabla yake, kila mmoja wetu alikumbatia chake: mimi daftari la mahudhurio, nesi kadi za kliniki, mtendaji barua zake. Afande Scolastica wa dawati la watoto, polisi Katesh, alikuwa akiletewa kesi zimeshaharibika. Marieta alisema huo ni ujinga, na akatuwekea sheria moja: kila kikao, kila mtu aweke mezani alicho nacho, hata kama kinamwaibisha. Aliyekuwa wa kwanza kuitikia amina ni mdogo wake, Agustino, mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiye aliyefungua vikao vyetu kwa sala.

Agustino alikuwa akimlea Brightness, binti wa marehemu dada yao mdogo. Alikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba. Mwaka huo, wakati wa kiangazi, hakuonekana shuleni kwa wiki mbili. Agustino aliniambia ana malaria, nami nikaandika "mgonjwa". Sikwenda kumwona, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Siku ya mnada Marieta alinijia mbio, daftari mkononi. Brightness ameonekana juu ya lori la Yakubu, likielekea mjini.

"Mwalimu, si nilisema?"

Tukapanda pikipiki moja, sisi wawili na dereva, hadi Katesh. Tulimkuta Brightness dukani kwa Shamsia anakunywa chai, na Afande Scolastica kando yake. Yakubu alimwamkia Marieta shikamoo, naye akaitikia kwa shida. Yakubu akaeleza kwamba mwanaume mmoja alimwomba lifti mnadani, yeye na mke wake, waende Babati. Alipomtazama huyo mke aliona sweta ya shule chini ya kitenge. Akawapakia, akasema anapita kujaza mafuta, akaendesha moja kwa moja hadi polisi. Yule mwanaume alipoona geti aliruka, akapotelea sokoni, na Afande akamleta mtoto hapo dukani anywe chai. Mtu mwingine angeshukuru. Marieta alimuuliza Yakubu ni kwa nini anachungulia nguo za watoto wa watu.

Jumatatu kamati ikakaa. Agustino alikuja na koti lake la kanisani. Alisema mtoto alitoroka mwenyewe, yule mwanaume hamjui, na yeye kama mlezi anaomba arudishiwe mtoto wake. Brightness alitazama sakafu tu. Nesi akaweka kadi ya kliniki, isiyo na malaria yoyote mwaka huo. Mimi nikaweka mahudhurio, nikakiri kwamba neno "mgonjwa" lilitoka kinywani mwa Agustino. Afande Scolastica akasema hayo hayatoshi. Bila kitu cha kuonyesha kwamba mtoto ameozeshwa na watu wa nyumbani, hana sababu ya kumzuia, na leo hii ataondoka na mjomba wake.

Tukamgeukia Marieta, tukisubiri maswali yake. Akanyamaza. Nilidhani anaumwa.

Huku kwetu ng'ombe wa mtu hulala zizi la mwingine. Unaweka wawili kwa rafiki, watatu kwa shemeji, ili ugonjwa usiwamalize wote na majirani wasijue mali yako. Ukiona ng'ombe mgeni zizini kwa mtu, unapita. Anayeuliza ni wa nani ametoka kwenye nyumba isiyo na adabu. Hata Marieta, aliyeuliza mpaka mvua, hilo hakuwahi kuliuliza.

"Na mimi nina changu," akasema mwishowe, bila kumtazama ndugu yake. "Zizini kwa Agustino kuna mitamba wanne. Alama za masikio si za huku. Waliingia wiki ile ile mtoto alipoacha shule."

Agustino alisimama taratibu.

"Dada, umehesabu ng'ombe zizini kwangu?"

"Nimewahesabu. Nikanyamaza wiki mbili."

Hapo ndipo Brightness alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Mama mkubwa, walikuwa watano," akasema. "Mmoja walimchinja siku waliyonionyesha yule baba."

Afande Scolastica akavuta kiti, akaanza kuandika. Agustino hakutoka na mtoto siku ile. Alitoka na Afande, na Brightness akaenda kulala kwa Marieta, ambako alikaa hadi alipofanya mtihani wa darasa la saba.

Watu walipokwisha kuondoka, Marieta aliniomba kalamu. Alifungua daftari la kijani, akalikata jina la Yakubu. Akaandika la Agustino, pole pole. Chini yake akaandika lake mwenyewe, pamoja na tarehe aliyowaona wale mitamba.