Mjane wa Kamau wa Gatuanyaga

Watu wa nyumbani wakitaka kunichokoza mpaka leo huniuliza, "Wambui, bwana hajambo?" kisha wanacheka mpaka wanashika ukuta, na mimi huinuka nikaenda kuosha vyombo hata kama ni visafi. Basi leo nitasimulia mwenyewe, kwa sababu nimechoka kusikia aibu yangu ikisimuliwa na binamu yangu Njoki, ambaye kila mwaka huiongezea kitu (hakukuwa na polisi, jamani, polisi ni wa Njoki).

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati serikali ilikuwa haiajiri na hata waliokuwa ndani walikuwa wanaombwa watoke. Mimi nilikuwa nimerudi Ruiru kutoka Uingereza na shahada ya pili ya uchumi wa afya, ambayo ni elimu ya kuamua hivi: hospitali ikiwa na kidogo na wagonjwa ni wengi, hicho kidogo kiende wapi ili watu wengi zaidi wapone. Nilidhani nitashindaniwa. Nilipoenda ofisi moja ya afya wakaniambia mimi ni mchumi, nijaribu watu wa mipango. Watu wa mipango wakaona neno afya wakanirudisha nilikotoka. Kampuni ya bima ilinikaribisha vizuri sana, nikauze bima nyumba kwa nyumba. Wafadhili walitaka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu wangu wote ulikuwa wa kusoma. Mwisho meneja mmoja akaniangalia kwa huruma akasema, "Msichana, umesoma sana. Utatukimbia baada ya mwezi."

Sentensi hiyo niliigeuza kichwani wiki nzima (mimi ni mtu wa kugeuza mambo, hata kununua nyanya hunichukua nusu saa). Na ndipo tangazo likatokea: kiwanda kimoja cha Thika kinatafuta karani wa kutunza faili za wagonjwa katika zahanati ya wafanyakazi, aliyemaliza Form Four.

Njoki alikuwa mpiga chapa katika kiofisi kidogo karibu na stesheni ya Ruiru. Nilimpelekea maelezo yangu ya kuombea kazi, akayasoma huku akitafuna mahindi.

"Wewe umesoma mpaka umejiharibia," akasema. "Toa hizi digrii zote. Acha Form Four peke yake."

"Si huo ni uongo?"

"Uongo uko wapi? Form Four hukumaliza?"

Nilikuwa nimemaliza. Akapiga chapa ukurasa mmoja, mwembamba kama risiti, na hapo ndipo mambo yote yalipoanzia.

Siku ya mahojiano nilifikiria kila kitu. Nilivaa sketi ya zamani, nikasuka nywele mistari, nikaacha saa nyumbani. Nilipofika lango la kiwanda nikakumbuka miwani. Miwani yangu ilikuwa mizito, ya Uingereza, na niliona wazi kwamba uso wenye miwani ile haujakomea Form Four hata kidogo. Nikaivua nikaitia mfukoni. Cheti chenyewe cha shahada kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki niliyobeba, chini kabisa, kwa sababu niliogopa kukiacha nyumbani (je, nyumba ikiungua?).

Bila miwani niliwaona watu watatu kama watu watatu walio ndani ya maziwa. Aliyekuwa mbele alijitambulisha kuwa Bwana Otieno, meneja wa wafanyakazi. Kando yake kulikuwa na weupe mkubwa ambao ulikuwa Sista Waithira, muuguzi mkuu wa zahanati. Kwenye kona kulikuwa na koti na kofia, na ndani yake mzee aliyekuwa anakoroma polepole. Niliambiwa huyo ni mmoja wa wakurugenzi, nisijali.

Nilijibu maswali ya faili vizuri. Kisha Bwana Otieno akashika ule ukurasa mmoja.

"Ulimaliza Form Four zamani kidogo. Tangu hapo umekuwa wapi?"

Jamani. Nilikuwa nimefikiria nywele, sketi, saa na miwani, lakini ile miaka yote sikuwa nimeitafutia pa kuiweka. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nilikuwa nimeolewa."

"Wapi?"

"Gatuanyaga." (Nilichagua Gatuanyaga kwa sababu ni vumbi na mbuzi, na kwa akili yangu hakuna mtu wa ofisini anayetoka huko.)

Ule weupe ukasogea. "Haiya! Mimi nimezaliwa Gatuanyaga. Kwa nani?"

"Kwa... Kamau."

"Kamau ni wengi."

"Na huyo bwana atakuruhusu ufanye kazi?" akauliza Bwana Otieno, kwa maana siku hizo waliuliza hivyo bila haya.

Nikaona hapa njia ni moja tu, nimwondoe huyu Kamau kabla hajaniletea maswali zaidi. "Alifariki," nikasema, nikainamisha kichwa.

Nilidhani nimemaliza. Sista Waithira alivuta kiti chake mpaka kikalia. "Kamau aliyefariki ni mmoja. Yule aliyekuwa akifanya kazi Nakuru, akaoa hukohuko, mke hatukuwahi kumwona?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini nikafikiria: nikisema hapana, ataniuliza ni yupi basi, na mimi Kamau mwingine sina. "Ndiyo," nikasema. "Huyo."

"Wooi!" Sista akasimama. "Kumbe ni wewe! Yule alikuwa mtoto wa shangazi yangu! Tulikungoja mazishini mpaka saa tisa, jeneza juani, mama yake anatazama barabara kila gari likipita, na wewe hukuja! Kwa nini hukuja?"

"Nilikuwa... mgonjwa," nikasema, na wakati huo kweli nilikuwa naumwa.

"Mgonjwa wa nini?"

"Sista," Bwana Otieno akasema, "haya ni mahojiano ya kazi."

Lakini Sista alikuwa tayari kwenye simu ya ofisi. Nilimsikia akimwita mwenye duka la Gatuanyaga kwa Kikuyu, akimwambia atume mtu mbio kwa mama Kamau amwambie kwamba mke wa marehemu amepatikana, yuko hai, ni mwembamba lakini ana adabu, na ataletwa Jumamosi. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nachagua jinsi ya kuanza, na nikiwa bado nachagua akaiweka simu chini, akanijia, akanikumbatia. Analia! Nikalia na mimi, lakini si kwa ajili ya Kamau.

Ni kelele hizo zilizomwamsha mzee wa kona. Alikohoa, akavua kofia, akaja karibu sana, mpaka uso wake ukatoka ndani ya maziwa na mimi nikaujua, nikatamani sakafu ifunguke.

"Huyu mimi namjua," akasema. "Huyu nilinunua jogoo wake."

Hapa lazima nieleze. Nilipopata nafasi ya kusoma Uingereza, nauli ilikuwa juu yangu, na kanisa letu la Ruiru likafanya harambee. Mama alitoa jogoo mwekundu, akapigwa mnada. Kila aliyemnunua alimrudisha anunuliwe tena, jogoo akazunguka uwanja mzima mpaka akachoka kupiga kelele, na wa mwisho kumnunua alikuwa mgeni wa heshima, Mzee Gitau, ambaye alinikabidhi jogoo huyo mikononi mbele ya watu wote. Nami nikasimama na jogoo wangu nikatoa hotuba ndefu kuhusu uchumi wa afya. Ningekuwa na miwani yangu usoni, ningemtambua kutoka mlangoni na kukimbia.

"Ulisoma hotuba," Mzee Gitau akaendelea. "Sikuelewa hata neno moja, lakini nilipiga makofi. Si ulikuwa unaenda ng'ambo? Uliolewa saa ngapi?"

Nikaingiza mkono mfukoni, nikavaa miwani, na kwa mara ya kwanza nikamwona Sista Waithira vizuri. Alikuwa na uso mwema sana, umelowa machozi, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Sijaolewa," nikasema. "Kamau simjui. Nilikuwa shule." Nikatoa cheti kutoka chini ya bahasha nikakiweka mezani.

Bwana Otieno alikisoma mara mbili. "Mtu anaficha wizi," akasema polepole. "Anaficha kifungo. Wewe umeficha masters?"

"Niliambiwa nimesoma sana, nitawakimbia."

Mzee Gitau alicheka, lakini Sista hakucheka. "Na shangazi yangu je?" akauliza. "Saa hii anajua amepata mtoto."

Nikakunja bahasha yangu, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Mzee Gitau alikuna kidevu. Akasema wamekuwa wakibishana miezi mingi kama waendelee na zahanati yao au wawe wanapeleka wafanyakazi hospitali ya mjini, na hakuna anayejua kupima jambo hilo, na hawakuwahi kutangaza kazi hiyo kwa sababu hawakujua mtu wa kuifanya huitwa nani.

"Huitwa mimi," nikasema, nikiwa nusu nimefufuka.

"Ngoja," akasema. "Wewe umeomba ukarani wa Form Four. Utapewa ukarani wa Form Four, kwa mshahara wa Form Four. Hayo mengine utayafanya tukuone. Lakini kwanza ni Jumamosi. Sista akirudi Jumatatu akisema hukwenda, usije."

Nilikwenda. Nilinunua mkate, sukari na majani chai, na njia nzima Sista hakunisemesha, na mimi nilitunga namna kumi na moja za kuomba msamaha. Mama Kamau alikuwa mlangoni na leso mpya, na jikoni kulikuwa na harufu ya kuku. Kumi na moja zote zikapotea. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikasema, "Mama, mimi si mke wake. Nilidanganya kwa sababu ya kazi. Sikujua kwamba yuko mtu."

Mama yule alijifuta mikono kwa leso. Kisha akamwuliza Sista, "Hata huyu si yeye?"

"Si yeye, shangazi."

"Basi," akasema mama yule, akanishika mkono akaniinua. "Yule mwenyewe hajawahi kufika hapa hata siku moja. Wewe usiye wake umekuja na sukari. Ingia ule, kuku ameshachinjwa."

Nilikula nikilia, na nikaongezwa paja.

Kazi niliifanya, na zahanati ile haikufungwa, ingawa kiwandani jina langu lilikuwa Mjane mpaka siku niliyoondoka kwenda kazi kubwa zaidi (baada ya miaka minne, si mwezi mmoja, yule meneja asikie). Gatuanyaga niliendelea kwenda kila Krismasi. Na tangu siku hiyo kila mahali ninapoomba kazi naandika yote niliyosoma, hata cheti cha kuogelea, na mtu akiniuliza nilikuwa wapi miaka yote ile namjibu kabla sijapata nafasi ya kufikiria: nilikuwa shule. Miwani ikiwa usoni.