Serahangi Aamriwa na Bintiye

Serahangi alikuwa na sauti, si mchezo. Akikohoa omo, yaani kule mbele kabisa ya meli, mpishi wa nyuma alifunika sufuria akidhani ngurumo imeleta mvua. Wapo walioapa kwamba siku moja alimwita baharia aliyesinzia, na nyangumi naye akaitika. Ndiyo sauti iliyomlea bintiye, ikamhimiza mpaka akamaliza chuo cha ubaharia, na ndiyo hiyo hiyo iliyotaka kumharibia.

Maana kampuni ya meli haiulizi nani kamzaa nani. Ofisa wa Tatu alikwenda likizo, na mbadala wake akapanda ngazi na begi mgongoni, kofia ngumu kichwani. Kumbe ni yule yule binti ambaye Serahangi alimfuta makamasi! Mabaharia waliacha kupaka rangi ili washuhudie. Nchi kavu, mtoto ndiye huamkia. Melini, mdogo wa cheo ndiye humwamkia mkubwa. Serahangi akalipima jambo hilo kichwani, likamshinda.

"Shikamoo, baba," akasema binti.

"Shikamoo, ofisa," akasema baba, papo hapo.

Shikamoo mbili zikagongana pale ngazini, na wa kusema marahaba hayupo. Kasuku, baharia mwembamba aliyekuwa hodari wa kuiga sauti za watu, alicheka mpaka brashi ikamponyoka ikaenda baharini.

Asiyejua meli hudhani ni chuma kinachoelea tu. Meli ni nyumba ya ukoo mkubwa, na kila mtu ana kigoda chake. Nahodha ndiye baba mwenye nyumba. Akinyamaza, wote wananyamaza. Ofisa Mkuu ni kama mama mwenye nyumba: nyumba haiitwi kwa jina lake, lakini ndiye ajuaye kila mzigo umekaa wapi na nani hajafagia. Ofisa wa Pili ni mjomba wa ramani, hamtoki bila kumwuliza njia. Injinia Mkuu anaishi chini kwenye joto la mitambo pamoja na wapaka mafuta wake, kama shemeji wa vyumba vya uani asiyependa kuamriwa. Ila akinuna yeye, hakuna taa wala mwendo. Ofisa wa Tatu ndiye kitinda mimba wa maofisa. Kazi yake ni mashua za kuokolea, majaketi ya kuelea na vizimamoto, na asubuhi anashika zamu kule juu kwenye chumba cha usukani. Na Serahangi? Huyo ni mnyapara wa mabaharia: kamba, rangi, kutu na minyororo. Mkubwa wa wadogo, mdogo wa wakubwa. Miaka yote kigoda hicho kilimkaa vizuri tu.

Siku ya ukaguzi binti aliingia kwenye mashua ya kuokolea iliyoning'inia ubavuni mwa meli, akainama kutazama ndoano. Ndiyo kazi yake, na kamba ya usalama alikuwa ameifunga kiunoni. Serahangi akamwona kutoka chini. Moyo ulimruka, sauti nayo ikaruka.

"Mwanangu! Shuka hapo, utaanguka!"

Meli nzima ilisikia. Hata wapaka mafuta walisikia, na masikio yao yamezibwa. Tangu hapo ofisa akawa hana cheo. Akiagiza majaketi yaletwe, kutoka nyuma ya mapipa Kasuku anajibu kwa sauti nzito ya Serahangi: "Mwanangu, umekula?" Kicheko. Majaketi hayaji.

Serahangi akaona yeye ndiye aliyevunja, basi yeye atengeneze. Akawapanga mabaharia wote mstari mmoja. "Atakayemcheka binti yangu, nitamkunja kama turubai!" Hapo hakuna aliyecheka kwa mdomo. Walicheka kwa mabega.

Binti akamfuata kwenye stoo ya kamba, akafunga mlango.

"Baba, naomba usinisaidie."

"Nisipokusaidia mimi, nani?"

"Ukinisaidia ndio unanizamisha."

"Wewe bado mtoto, hujui bahari ilivyo."

"Sawa, mimi mtoto. Na mtoto akililia wembe mwafanyaje, nyie wazee? Nipeni basi."

Serahangi akabaki kufundua fundo ambalo halikuwa na kosa lolote.

Kisha Nahodha akamwita Serahangi chumbani kwake. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe yalikuwa mazito. "Ofisa asiyesikilizwa ni hatari kuliko tundu kwenye meli. Bahari ikichafuka, kuna mtu atakufa huku anacheka. Tukifika bandarini kama bado anaitwa Mwanangu, namteremsha. Na akiteremshwa safari yake ya kwanza, usidhani kuna meli nyingine itampokea."

Serahangi alitoka mle amenywea kama kuku aliyenyeshewa.

Haukupita muda, asubuhi moja bahari ikachafuka. Mawimbi yalipanda hata ndege waliokuwa juu wakalowa miguu. Zamu ilikuwa ya binti. Serahangi na watu wake walijibanza ndani, nyuma ya mlango wa chuma, wakichungulia sitaha kwa kidirisha. Mara kamba ikakatika kule omo, na pipa la rangi nyekundu likaanza kubingirika huku na huku juu ya sitaha ambayo Serahangi alikuwa ameipaka kijani kibichi, bado inang'aa.

Sasa, serahangi yeyote ana mwiko wake: hamtumi mtu mahali asipokwenda mwenyewe, na chombo chake hakiachi kikizurura. Akashika komeo la mlango. Redio ya kifuani ikakoroma.

"Serahangi, hapa chumba cha usukani. Sitahani hatoki mtu."

"Pipa tu hilo, mwanangu. Nalifunga, narudi..."

Redio zote za meli zilikuwa wazi. Jikoni walisikia, mitamboni walisikia.

"Huku hakuna mwanangu, kuna ofisa wa zamu. Ondoa mkono kwenye komeo."

Mabaharia wakamtazama. Hata Kasuku alikosa sauti ya kuiga. Nje, pipa lilipita likigonga kila lilichokikuta. Serahangi aliyajua mawimbi; alijua lipi la kusubiri na lipi la kupita nalo. Angeweza kwenda akarudi na wangempigia makofi. Na bandarini binti angeshuka ngazi ile na begi lake mgongoni.

"Nimesikia, ofisa," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo. Akauachia ule mlango, akakaa sakafuni.

Kasuku akaona hapa ndipo pa kuokota sifa. "Mzee, mimi mwepesi. Niache niruke mara moja."

"Kaa."

"Lakini pipa..."

"Ofisa kasema hatoki mtu. Kwani wewe si mtu? Kaa!"

Kasuku akakaa, na wengine wakakaa naye. Pipa likapasuka. Wekundu ukatapakaa juu ya kijani chote, na Serahangi akawa anautazama kwenye kidirisha kama mtu anayemwona ng'ombe akitafuna nguo za harusi. Rangi nyingine ilimwagika baharini, na wavuvi wa upande ule huapa kwamba samaki wa huko mpaka leo wana mashavu mekundu. Kama wimbi lingemchukua Serahangi au lisingemchukua, jambo hilo linabishaniwa mezani hadi chai inapoa. Bahari yenyewe haikusema.

Upepo ulipolegea, redio ikalia tena. Alikuwa Kasuku, kwa sauti yake mwenyewe: "Ofisa, tunaomba ruhusa tutoke tukaoshe sitaha."

"Subirini kidogo."

Wakasubiri. Nahodha, aliyekuwa ameshapanda juu, alisikia, akakuna kidevu, akaagiza kahawa.

Bandarini hakuteremka mtu. Yaliyoteremshwa ni magunia ya matambara mekundu. Serahangi akampigia mkewe simu, akamsimulia yote, akitumaini kupewa pole ya sitaha.

"Yaani mtoto kakwambia ukae, ukakaa?" akauliza mkewe.

"Nikakaa."

"Kwa kuambiwa mara moja?"

"Mara moja tu."

"Haya, baba watoto. Tangu tuoane nakwambia kaa utulie, mguu mmoja uko mlangoni. Kumbe dawa yako ni redio! Ukija, njoo nayo."