Saa Mbili za Bluu

Rangi za nebula hazionekani kwa macho. Kwenye darubini yangu, hapa uani Kawetele, lile wingu la gesi ni weupe hafifu tu, kama pumzi kwenye kioo. Kamera ndiyo huzitoa, ukiivumilia: picha mia na ishirini za dakika mbili mbili, kisha unazipandanisha kwenye kompyuta. Nimepiga hesabu mara mbili, ni saa nne za giza. Na kwetu Rungwe mwezi wa kumi ukishaisha, mvua na ukungu havikuachii hata moja mpaka mwakani.

Giza lenyewe alikuwa nalo jirani. Alikuwa amefunga taa ya sola ya kulinda ndizi, yenye mwanga wa kutosha kuchezea mpira. Tukapatana: yeye azime, mimi nilinde, maana nakesha vilevile. Nyota zangu zikishuka nyuma ya migomba, nimgongee dirisha awashe.

Jioni tulihesabu mikungu pamoja. Kumi na saba. Nikarudia, kumi na saba. Usiku ule, mawingu yakipitapita, nikapata saa mbili. Wekundu ulitoka wa kushiba. Bluu, ambayo ni hafifu zaidi, ilichungulia tu pembeni. Saa nane nikamgongea, akawasha, nikalala.

Asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya maziwa, ndoo mkononi, ndipo mmoja akaniuliza, "Fundi wa nyota, unalinda au unavuna?"

Wakacheka. Mkungu mmoja haukuwepo, na jirani alishawasimulia wote. Watu kumi na mmoja. Niliwahesabu, nikawarudia.

Nikamfuata jirani kwake. "Nilikugongea, ukawasha. Toka hapo ulinzi ni wako."

"Braza, aliyekesha ni wewe."

Mchana mama yake, anayeishi naye, akarudi kutoka msibani Kyimo. Mkungu aliukata yeye, alfajiri.

"Niende kwenye kilio mikono mitupu, mwanangu? Shamba ni langu, nimuage nani?"

Nikampa pole ya msiba. Yeye hakuwa na kosa.

Jioni jirani akaja, mikono mfukoni. "Basi, yaishe. Leo nazima."

"Yaishe hapa uani? Uliyaanzia kwenye maziwa. Kesho kayamalizie palepale."

"Kwa mkungu mmoja?"

"Asubuhi ulikuwa wizi. Sasa umekuwa mkungu mmoja?"

"Nitawaambia mmoja mmoja, nikikutana nao."

"Kumi na mmoja, wakiwa wamesimama pamoja."

"Wewe una roho ngumu."

Sokoni mimi hushusha bei mpaka muuzaji anione mgonjwa. Hii sikushusha. Akaenda akawasha taa yake. Mbingu ilikuwa safi, haina hata kiraka cha wingu, na nebula yangu ilikuwa bado inadai saa mbili. Nilifungua darubini kipande kwa kipande, nikaiingiza ndani. Kwa mwanga ule, kila skrubu ilionekana vizuri sana.