Rangi za Nyuzi Hazikuwa na Maana

Mkuu wa shule amestaafu na ametuachia kitabu. Ni chembamba, karatasi zake zinateleza, na ndani ameandika tafakari zake juu ya miaka ishirini ya kuongoza shule ya sekondari ya kimataifa. Ukurasa wa kumi na tisa anasema: “Katika mwaka wangu wa tatu nilibuni mfumo wa nyuzi, ambao naamini ndio mafanikio yangu makubwa kuliko yote.”

Nilibuni. Nilisoma neno hilo mara tatu, maana mimi husoma polepole, kidole kikitangulia. Kisha nikafunga kitabu nikaenda kuanika shuka. Shuka hazisubiri mtu amalize hasira.

Mimi ndiye mfuaji wa shule hiyo. Wanafunzi huniita Mama Sabuni. Darasani sikuwahi kukaa hata siku moja. Kwetu walisoma kaka zangu watatu, mimi nikafua sare zao, na leo wote watatu hawajui hata wapi nilijifunzia kusoma. Nilijifunzia kwenye kola za watu, pale majina yanaposhonwa. Baadaye niliolewa na mwanamume aliyependa mashati meupe. Nilimfulia miaka tisa, halafu akahamia kwa mwanamke wa mtaa wa pili, yeye na mashati yote. Tulikuwa tukipishana njiani, naona kola zake zimekuwa za njano, moyo wangu unafurahi. Sijidai kuwa mwema.

Shuleni nilipewa chumba nyuma ya jiko, mashine nne, pasi mbili na mifuko mia tatu na kumi, kila mfuko na namba ya mwanafunzi wa bweni. Jumatatu mifuko inashuka, Ijumaa inapanda. Watoto wametoka nchi arobaini, wengine hawana lugha ya kumwambia mwalimu kinachowasumbua. Nguo zao zinasema. Foronya yenye alama za chumvi, huyo analia usiku. Mikono ya sweta iliyotafunwa, huyo ana hofu. Na wapo wanaoleta nguo safi zilizokunjwa, ili tu mfuko usionekane mtupu, kumbe hawajabadili nguo siku nyingi. Hao ndio ninaowahofia zaidi.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwendea Mkuu, nikamweleza habari za mvulana aliyeleta shuka kavu, ambazo hazijatandikwa wala kulaliwa, wiki nne.

“Andika kwenye karatasi, mama,” akasema, “nitaipitia.”

Wakati huo hata kusoma kola nilikuwa sijaanza. Nikarudi chumbani kwangu, nikachukua kipande cha uzi, nikakifunga kwenye kamba ya mfuko wa yule kijana. Ijumaa nikamwita Mkuu ashuke. Nikamwonyesha. Fundo moja, mtupie jicho. Mawili, mwite wiki hii. Matatu, acha unachofanya umwite leo. Alikuwa na simu sikioni. Akaitikia kwa kichwa, akanyanyua kidole gumba, akaondoka na namba ya mfuko.

Basi ikawa hivyo. Kila Ijumaa anashuka, anachukua namba za mifuko yenye uzi, anawaita wenye nayo ofisini. Watoto wakaacha kutoroka. Wakaacha kuzimia mistarini. Mafundo yakiwa matatu sikuiamini simu yake, nilipanda mwenyewe ngazi mpaka ofisini, nikasimama mbele ya meza yake mpaka anyanyuke. Alizoea. Alikuwa akiniona tu mlangoni, anachukua koti.

Lakini mafundo hakuwahi kuyahesabu. Yeye aliona rangi. Mwaka uliofuata akaleta ubao ukutani kwangu bila kuniuliza: nyekundu ni hasira, bluu ni huzuni, nyeupe ni kukumbuka nyumbani, nyeusi ni msiba, kijani ni maendeleo mazuri. Wageni wa shule nyingine wakawa wanakuja kuupiga picha, mimi wakiniomba nisogee pembeni.

Rangi hazikuwa na maana yoyote. Nikishona kifungo cha bluu, uzi unaobaki ni wa bluu, ndio naufunga.

Mpishi mkuu, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, alikuwa akicheka mpaka ashike mbavu. “Dada, leo umefunga nyeusi. Mkuu amepita hapa na uso wa matanga!”

“Kuna suruali imepasuka makalioni, kaka. Ndiyo msiba wenyewe.”

Nilimwambia Mkuu mara mbili, Mungu ni shahidi yangu. Nikasema rangi si kitu. Akaniwekea mkono begani. “Mama, wewe unafanya kwa hisia tu. Hujui kwamba unafuata kanuni.” Baada ya hapo nilinyamaza. Nilidhani ubao hauna madhara, maadamu mimi nipo na miguu yangu inapanda ngazi. Hilo ndilo kosa langu na ninalikubali.

Muhula huu nikapewa barua. Bodi imeamua nguo zitachukuliwa na lori la kampuni ya nje, na yeyote anayehusika na hali za wanafunzi lazima awe na cheti. Ameajiriwa Ofisa wa Ustawi, binti mwenye vyeti viwili. Mimi mwisho wa mwezi niende nyumbani, na kwenye sherehe ya kumuaga Mkuu nitakabidhi kikapu changu cha nyuzi jukwaani, watu wapige makofi. Miaka kumi na minane, kisha nikabidhi kikapu.

Jumatatu ya wiki hiyo ya sherehe ukashuka mfuko wa namba mia na arobaini na saba. Ni wa msichana wa kidato cha tatu. Shuka kavu, wiki ya tatu hiyo. Sketi imepunguzwa kiuno kwa mkono, na chini ya mshono mpya kuna alama za mshono mwingine. Amepungua, akaipunguza, akapungua tena. Kwenye kikapu kulikuwa kumebaki uzi wa kijani. Nikafunga mafundo matatu, nikakata kamba pamoja na lebo ya namba, nikapanda.

Mkuu alikuwa anasaini vitabu. Hakuinua kichwa. “Hayo sasa ni ya Ofisa, mama.”

Ofisa alikuwa kikaoni. Nikamwambia karani wake, “Mafundo matatu haya. Leo.” Akasema acha hapo juu ya meza. Jumanne nikauliza, nikaambiwa imeshashughulikiwa. Nikaamini. Niliambiwa na mtu mwenye kompyuta.

Ijumaa bwalo lilijaa wazazi, bodi mstari wa mbele, maua mezani. Nilikaa pembeni ya jukwaa, kikapu mapajani, na gauni nililolipiga pasi mwenyewe. Mkuu alisoma tafakari zake, wakamshangilia. Akapanda Ofisa kueleza mfumo utakavyoendelea.

“Kwa mfano,” akasema kwa furaha, “wiki hii nimepokea uzi wangu wa kwanza. Wa kijani! Mwanafunzi huyu anaendelea vizuri. Nimemwandikia kadi ya pongezi.” Akaunyanyua juu watu waone.

Nikauona. Mafundo matatu yananing'inia hewani, na watu wanapiga makofi.

Nilisimama, kikapu kikaanguka, nyuzi zikabingirika jukwaani.

“Huyo mtoto wa mia na arobaini na saba yuko wapi?”

“Mama, zamu yako bado,” Mkuu akasema, anatabasamu kwa ajili ya wageni.

“Zamu yangu ilifika miaka kumi na minane iliyopita, ukawa na simu. Hesabu mafundo.”

“Mama tafadhali, tutaongea baadaye.”

“Usinitulize kama mtoto! Rangi ni ya kifungo. Nilikwambia mara mbili. Hesabu mafundo, baba, mbele yao.”

Mpishi akapaza sauti kutoka mlango wa jikoni: “Yule wa mia na arobaini na saba? Sahani yake inarudi kama ilivyokwenda. Siku ya kumi na moja leo! Nilidhani mmeshaambiwa!”

Mkuu alinitazama. Nilikuwa nimesimama mbele yake kama nilivyokuwa nikisimama mbele ya meza yake, na nadhani ndipo alipokumbuka zile ngazi zote nilizopanda. Sitamnyima haki yake: alikimbia. Alikimbia na joho lake la sherehe, muuguzi nyuma yake, mimi nyuma ya muuguzi. Msichana alikuwa kitandani, kajikunja, midomo imepasuka, hawezi kuinuka. Kadi ya pongezi ilikuwa juu ya kabati, haijafunguliwa. Nilimbeba mimi hadi kwenye gari. Alikuwa mwepesi kuliko mfuko wake.

Daktari alisema tungechelewa siku mbili zaidi tungekuta mambo mengine. Amepona. Yuko kwao kwa sasa, na atarudi.

Mwenyekiti wa bodi alikuja chumbani kwangu na hati ya shukrani ndani ya fremu. Nikamwambia airudishe, ukuta wangu umeshachoka na vitu vya kubandika. Ule ubao wa rangi nikampa aondoke nao.

Ofisa alikuja Jumatatu, macho mekundu. “Shikamoo, mama. Nifundishe.”

“Marahaba, binti yangu. Vyeti vyako viache huko juu. Vua saa, kunja mikono, mifuko ile pale.”

Alidhani natania. Anafua hadi leo, kila Jumatatu, na pua yake imeanza kuamka. Wiki iliyopita alinusa foronya moja akaniangalia, akachukua uzi.

Mkuu ameniletea nakala ya kitabu chake. Ukurasa wa kumi na tisa amekata neno kwa kalamu, juu yake ameandika “nilionyeshwa”, na pembeni saini yake. Alitaka nimshukuru. Nikamuuliza vilichapishwa vingapi. Akasema mia tano. Nikamwambia basi amebakiwa na mia nne tisini na tisa, kalamu ninazo. Hajarudi.

Mwisho wa mwezi umepita. Lori halijafika na mimi sijaondoka. Hakuna aliyeniambia nibaki, na hakuna aliyethubutu kuja kunitoa. Mashine namba tatu ilikuwa ikitikisika kwa sababu sakafu haiko sawa. Nimeikunja ile barua mara nne nikaiweka chini ya mguu wake. Sasa imetulia.