Nilichagua mousse ya ubao wa surf kwa macho ya depo, ziwa likanipima

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, huku vumbi tunakunywa nalo chai.

Haya yamenipata mwenyewe, na kwa bahati mbaya mashahidi ni wengi. Anayedhani napiga kamba aje ziwa la Nzilo aulize wavuvi. Watacheka kwanza, kisha watamwonyesha mahali.

Kwa wasionijua, nafanya kazi depo, yaani nyumba ya kununulia madini. Mchimbaji analeta mfuko wa shaba au kobalti, nauinua, natia mkono ndani, nasema una teneur au hauna. Teneur ni kiwango cha madini ndani ya jiwe. Halafu nakata humidité, yaani uzito wa maji, maana wapo wanaolowesha mfuko ili uzito upande.

Mfuko ukiwa mkavu nakata pia. Ndiyo desturi ya nyumba.

Nina mchumba, Mado. Baba yake, Tata Kazadi, amechimba mgodi wa Mutoshi tangu ujana na mifuko yake imepita kwenye depo zote za mji huu. Mzee ananijua kama mtu wa kuanzisha. Nilianzisha kuku, nikaanzisha kuosha magari, nikaanzisha mkate. Vyote vilianza vizuri sana.

Basi nikaona kwenye simu watu wamesimama juu ya mawimbi. Nzilo nayo, kiangazi upepo ukivuma, ina mawimbi yake. Nikatangaza mezani kwa mzee kwamba nitatengeneza ubao kwa mkono, kisha nitakodisha kwa mainjinia wa migodi wanaokosa la kufanya Jumapili.

Mzee akamaliza tonge lake la bukari, ugali wetu, akasema:

"Mi sipimake mutu na maneno. Dimanche ya sortie ya famille utasimama pa ile kipande yako, pa mayi. Ikikubeba mpaka kwa mitumbwi ya bavuvi, tutapanga siku ya dot. Ikikataa, uache mutoto yangu apumue."

Sortie ya famille ni matembezi ya familia, na dot ndiyo mahari. Wakuu, Mado nampenda, sitawaficha. Siku hiyo hata bukari ilinishinda.

Sasa tuje kwenye ufundi. Moyo wa ubao wa surf ni blank, kipande cha mousse, yaani sponji au povu lililoganda, unachokichonga kisha unakivisha ngozi. Mimi nilipata mousse za aina tatu. Kwanza ile nyeupe inayofungashia mashine za migodi. Pili ya njano, ngumu, kutoka ukuta wa chumba cha baridi kilichokuwa kinabomolewa. Tatu ya godoro, ile ya daraja la juu, nzito.

Nilikuja humu humu jukwaani kuuliza, na mlinijibu vizuri. Mkasema ya njano vijitundu vyake vimefungwa, hainywi maji. Nyeupe nayo inafaa, ila resin ya polyester, ile gundi ya kuvishia ngozi, inaiyeyusha, hivyo nitafute epoxy. Nikaandika "shukrani wakuu, nitalifanyia kazi."

Sikulifanyia kazi. Nilipeleka vipande depo.

Kwetu jambo halianzi bila komite. Kabla ya gundi kununuliwa tulikuwa na rais, makamu na msemaji. Rais alikuwa Ilunga, mwenzangu wa kwenye mizani, balance tunavyoiita.

Akainua ile nyeupe. "Iko nyepesi. Haina teneur."

Akasugua ya njano kwa kidole gumba, ikatoa unga. "Hii ni bulongo tu."

Akabeba ya godoro kwa mikono miwili, akafumba macho kabisa. "Sasa hii njo bintu! Sikia uzito!"

Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikatikisa kichwa kukubali.

Tukaunganisha vipande vya godoro kwa gundi, mbao katikati iwe uti wa mgongo, tukavisha turubai la kufunikia mifuko na kulishona kwa sindano ya magunia. Juu rangi ya kijani kama jiwe la malakiti. Ulipendeza! Hakuna aliyeuliza kama unakunywa maji. Mimi ambaye kutwa nzima natafuta maji kwenye mifuko ya watu sikuuliza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jumapili ikafika. Misa ikaisha, familia zote mbili ziwani, Ilunga akatoa hotuba ndefu kuliko ya padri. Nikavaa jaketi la kuokolea, nikapanda ubao, nikapiga kasia.

Ukaelea, wakuu!

Nikasimama. Wimbi likanisukuma kuelekea kwenye mitumbwi. Mado akapiga vigelegele, Tata Kazadi akainuka kitini. Nilijiona nimeshaoa.

Kumbe kila tundu la sindano lilikuwa mdomo. Ubao ukaanza kunywa polepole, kama mtu aliyealikwa bia ya bure. Maji yakafika kwenye vifundo. Yakafika magotini. Ufukweni Ilunga anawaeleza watu kuwa hiyo ni technique.

Yakafika kiunoni. Ningeweza kuruka na kuogelea. Lakini nilimwona Mado ameshika kichwa kwa mikono miwili, nikakumbuka kuku, magari na mkate. Nikabaki nimesimama mpaka maji yakafika kifuani, kisha chini ya miguu hapakuwa na kitu.

Wavuvi walinipakia, wakaufunga ubao kamba. Kuutoa nje ilibidi komite nzima ivute, rais akiwemo.

Tata Kazadi akaja. Akainama, akainua pua ya ubao kwa mikono yake ya uchimbaji, vile vile ninavyoinua mifuko. Akaishusha.

"Bana ba depo, sasa teneur imepanda, hein?"

Akaibonyeza kwa kidole gumba, maji yakatoka.

"Miaka yote munatukatiaka humidité, hata mu kiangazi. Leo mi njo niko pa balance." Akanitazama ninavyochuruzika. "Nikikata mayi yako yote, kunabakia nini?"

Mado ndiye aliyesema: "Tata, kunabakia ule mwenye hakuruka."

Mzee akapangusa mikono kwenye suruali.

"Ni kidogo. Lakini iko. Utatengeneza ingine. Na mousse utaileta kwangu kwanza."

Sasa kipande cha njano kiko uani kwake, kwenye beseni la maji, jiwe juu. Kila asubuhi anakitoa na kukipima. Mpaka leo uzito haujapanda.

Jumatatu ile nilirudi kazini. Mchimbaji akaleta mfuko, nikatia mkono. Mkavu. Bosi akauliza nakata ngapi. Nikamwambia hauna maji. Alinitazama kama nimemwibia.

Funzo wakuu: kizito si lazima kiwe bora, na komite haielei. Kabla ya kuchonga, tia kipande kwenye beseni.

Mwenye uzoefu wa kuunganisha paneli za njano zisipasuke atie neno, safari hii nitatii. Wale wa "tulikwambia" nanyi mna haki yenu. Na kama humu kuna mchimbaji aliyewahi kupita kwenye mizani yangu, aandike lote alilonalo moyoni. Nitalisoma bila kukata.