Namba ya Mayai Ndani ya Frigo

"Mama Rosine, ule mutoto wako hakai chini muchana muzima. Anazungumuza na nani mule ndani?"

Mama Mwavita, jirani yangu wa Majengo, aliniuliza vile akiegemea ua wa lupango. Nikamujibu: "Na frigo." Alicheka mupaka akashika kiuno. Mimi sikucheka.

Mutoto mwenyewe ni Héritière Katungu, binti ya mudogo wangu wa Butembo. Anatengeneza mashine ndogo zenye akili ndogo kama kucha: unaziandikia mistari kwa ordinatere, ile kompyuta yake, zinafuata. Ya kwanza ililinda sanduku la kuangulia mayai. Joto ikipita trente-huit, digrii makumi tatu na nane, inalia. Vifaranga vilitoka, tukamushukuru Mungu.

Kisha infirmier Byiringiro, muuguzi wa kituo cha afya, akaomba ya kulinda frigo ya chanjo, ile sanduku ya baridi, joto isipite huit, digrii nane. Héritière akafanya kama siku zote: akachukua mistari ya mayai, akabadilisha hapa na pale. Trente-huit akaisahau. Courant ya umeme ikakatika juma-mosi, hakuna mutu kazini mupaka siku ya kwanza ya kazi. Kengele, yenye batri yake na ya kusikika mupaka kwa majirani, ilinyamaza, ikingoja frigo ipate joto ya tumbo la kuku. Chanjo zote zikatupwa. Wamama wakarudi na watoto mugongoni, bila sindano.

Toka pale Héritière hatulii. Anakula akisimama. Hata rozari anaisali akitembea.

Byiringiro, Mungu amubariki, alimupa nafasi ingine: chanjo mupya zingefika kisha siku ine. Nikaona ameanza tena kukopi yale ya mayai. Nikamuambia pole pole: "Mwanangu, mimi fundi wa nguo sikati robe ya mutu juu ya robe ya mwengine. Niko na patron yangu, kielelezo cha kukatia, ya karatasi ya simenti. Vipimo naandika mutu akisimama mbele yangu."

Akafuta yote. Siku tatu akajenga patron yake: kazi isiyobadilika iko chini, haiguswi, juu kabisa ni nafasi za namba, zote tupu. Ukisahau kujaza moja, taa nyekundu inawaka, mashine inakataa kazi.

Leo amejaza za frigo, chanjo zinafika kesho. Anatembea tu: mulango, dirisha, mulango tena.

"Taa haiwaki, lakini naogopa," akasema. "Namba ya uongo nayo inajaza nafasi. Na macho yangu inasoma kile nilitaka kuandika."

"Mimi nilifika shule ya primaire tu, Héritière."

"Mama mukubwa, ndiyo inafaa: hujui nilitaka kuandika nini, utasoma kile kiko. Unisomee mustari kwa mustari, kwa sauti, kama unavyosoma masomo kwa misa. Usiruke hata namba moja."